Jina la Mama Linauzwa, Hamisi

Kaka yangu Hamisi,

Amani iwe nawe huko ulikotangulia. Hapa Msambweni tu wazima wa mwili. Ninakuandikia ingawa najua barua hii haina pa kupelekwa, kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mama.

Unaukumbuka mwaka ule wa machafuko, wageni walipoondoka Diani na hoteli yenu ikabaki vyumba vitupu? Wenzako wa mapokezi walirudishwa makwao mmoja mmoja. Wewe ukabakishwa kuilinda simu isiyolia, na kompyuta iliyokuwa kando yake. Ulijifunza mwenyewe, kwa kitabu alichokisahau mgeni. Siku moja ukaja nyumbani ukatuambia kwamba mtu anaweza kununua jina kwenye intaneti, akaweka maandishi yake hapo, na popote duniani yakasomwa. Nikakuuliza umenunua jina gani.

Ukasema, "La mama. Mwanatumu. Hakuna aliyekuwa nalo."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka, alitaka kujua kama jina lake litatunzwa huko lilikokwenda. Ukamwambia limelipiwa miaka miwili.

Uliandika karibu kila siku, mistari michache tu, ya leo ikikaa juu ya ya jana. Uliandika kuhusu kuku aliyetagia kwenye mkeka wa kuswalia, na shangazi wa Kikoneni aliyeleta machungwa kisha akayala yeye mwenyewe. Uliandika kwamba mama alipita nyumba ya jirani yetu wa bara, Mama Otieno, akapiga hodi kama kawaida yake, akasimama pale mlangoni mpaka alipokumbuka kwamba walikwisha kuyakimbia machafuko na watoto wao. Hukuongeza neno. Nilipoisoma hiyo niliweka kalamu chini.

Maana nilianza kukusoma baada ya kukuzika. Homa ilikuchukua kwa siku nne, Hamisi, hata hatukupata nafasi ya kuuliza chochote. Arubaini ilipokwisha nilikwenda Ukunda, kwa Njeri, yule mwanamke wa bara mwenye ofisi ya kompyuta. Akanifungulia jina la mama, na wewe ukawa umo mle, unaongea.

Basi kila Ijumaa nilikwenda nikanakili maandishi ya siku tatu kwenye daftari, nikarudi nikamsomea mama. Alikuwa ananawa uso kwanza na kujitanda kanga mpya, kana kwamba unaingia. Nilianza mwanzoni na nilikwenda taratibu kwa makusudi, ili usituishie upesi. Maandishi ya wiki zako za mwisho sikuyagusa. Nilijiambia yapo, hayaozi.

Sikujua kwamba barua za kukumbusha malipo ya jina zilikuwa zinakuja kwako, kwenye sanduku la barua la kompyuta ambalo neno lake la siri ulikwenda nalo. Ijumaa moja Njeri alifungua, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Maandishi yako hayakuwepo. Palikuwa na ukurasa mweupe, jina la mama juu, na chini yake kwa Kiingereza: jina hili linauzwa.

"Domain imeenda, dada," aliniambia, akimaanisha lile jina. "Ime-expire, muda wake umeisha, mtu akaichukua."

Alinieleza kwamba siku hizi kampuni nyingi zimeruhusiwa kuuza majina, si moja kama zamani, na kwamba kuna watu ng'ambo ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa. Akaniambia pia kwamba wako wengine huko wanaoandika kila siku kama ulivyokuwa ukiandika wewe, wengi sasa, na mtindo huo umeshapewa jina lake. Nilimwomba aniandikie barua kwa huyo aliyelichukua. Hatukumwomba jina. Tulimwomba maneno yako tu. Alijibu kwa adabu kwamba yeye amepata jina peke yake, na kilichokuwamo hakukiona. Njeri akaiuliza na kampuni iliyokuwa imeyahifadhi maneno hayo. Yalifutwa muda ulipokwisha.

Nilirudi nyumbani mchana ule na daftari lisilo na kitu kipya. Mama alikuwa amekwisha kujitanda. Akasema, "Haya, mwanangu, tumsikie."

Nikafungua daftari nikasoma karatasi tupu. Nikasema umeandika kuhusu mvua, na paa la jikoni linalovuja. Alitabasamu. Ijumaa iliyofuata nikasoma tena, na nyingine, na nyingine. Nimekusemesha mengi ambayo hukuyasema, Hamisi. Nimekufanya umsifu kwa mapishi yake. Nimekufanya uzungumzie kuoa. Uniwie radhi.

Juma lililopita alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama bado una kurasa nyingi zilizobaki. Nikamwambia ziko. Akaitazama mikono yangu iliyoshika daftari.

"Siku hizi Hamisi anaandika kama wewe," akasema.

Nikalifunga daftari. Hakuuliza tena. Lakini leo asubuhi, Ijumaa, nimemkuta amekaa barazani na kanga yake ya kila siku, anachambua mchele, wala hakunitazama nilipopita na daftari. Nimelirudisha ndani.

Mungu akulaze pema, kaka. Mimi sina tena la kumsomea mama wala la kukusemea.

Nduguyo wa tumbo moja,
Mwanasiti