Mshono wa Muzee kwenye Kamiyo ya Vita

Goma, Majengo

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu huku nimepiga magoti, hata kama hunioni. Mmeamkaje huko Uvira? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa alfajiri? Mimi ni mzima. Amani wangu pia ni mzima, na ni kwa sababu ya uzima wake ninaandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ningelia tu, nawe ungedhani nimepigwa. Mama Sifa wa vitenge anapanda boti kesho kwenda Bukavu, kisha gari hadi Uvira, atakufikishia barua hii.

Mama, ninapendwa! Miezi mitatu ya ndoa, na Amani bado ananiita *cherie* mbele ya majirani, wanaume wakicheka. Kitanda chetu alikitengeneza mwenyewe kabla ya harusi, kwa mikono yake ya kuchomelea vyuma. Kila asubuhi kabla hajaamka ninapitisha kidole kwenye mshono wa chuma, pale juu ya vichwa vyetu. Mshono wake haukomi ghafla. Ukifika mwisho unarudi nyuma kidogo, unajikunja kama mkia wa mjusi. Alifundishwa hivyo na baba yake, ili chuma kisianze kupasuka pale unapoishia. Ukumbuke mkia huo, Mama.

Unajua tumepata parsele ya kujenga. Pembeni yake palikuwa na lundo kubwa la mawe meusi ya volkano, yale ambayo watu wamekuwa wakitupa kwa miaka wakisafisha viwanja vyao. Wiki iliyopita wavunja mawe walipoliondoa, nyundo ikagonga chuma. Kufikia mchana gari zima lilikuwa limetokea, limekula kutu, halina vioo, limevikwa mabamba mazito kila upande.

"Ni char ya vita, kifaru!" alisema Papa Shukuru, mkubwa wa wavunja mawe.

"Char gani yenye magurudumu sita?" Amani akamjibu. "Hii ni kamiyo tu, lori la mizigo, imevaa koti. Mabamba haya ni milango yetu na madirisha yetu, cherie!"

Alifurahi kama mtoto. Kesho yake akaleta chupa zake za gesi na kifaa cha kukatia chuma. Mimi nilifika saa sita na chakula, nikamkuta amelala kifudifudi ndani ya gari, akichora kwa chaki mahali pa kukata. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na sanduku la chuma lililofungwa pande zote, na alitaka kuanza na hilo kwa sababu bamba lake lilikuwa safi kuliko yote.

Nikainama kumwangalia (ndiyo, Mama, bado namwangalia hivyo), nikaona mshono wa sanduku. Ulifika kwenye kona, ukarudi nyuma, ukajikunja.

"Amani, huu ni mkono wa Papa yako."

"Mafundi wote wanachomelea, cherie. Nipe dakika kumi, tutakula."

Lakini nikakumbuka jambo. Papa mukwe hakuwahi kukubali kuja kuiona parsele yetu. Alisema miguu inauma, na miguu hiyohiyo inampeleka hadi soko la Kituku kununua samaki. Nikaweka sahani juu ya jiwe, nikakimbia.

Ulinifundisha vizuri, Mama: nisimshike baba mkwe mkono, nisimsemeshe uso kwa uso, maneno yangu yapitie kwa mama mkwe. Ila Mama mukwe alikuwa sokoni. Muzee alikuwa peke yake uani, akitengeneza mbabula, jiko la makaa. Nikapiga magoti mbali, nikiangalia chini.

"Papa, unisamehe. Kuna kamiyo ya vita kwenye parsele. Mshono wake ni wako."

Akaweka chini nyundo yake.

"Amani iko wapi?"

"Anaikata, Papa. Anaanza na sanduku la chini ya kiti."

Alisimama bila viatu. Mawe ya njia ile yanakata kama chupa, naye alikuwa anayumba, basi nikamshika mkono. Mbele ya avenue nzima, Mama! Nilimvuta baba mkwe wangu mkono, kitenge kikinidondoka, wanawake wakipiga kelele: "Muone huyu bibi arusi!"

Tulipofika, moto ulikuwa umeshawaka na kona ya sanduku imeanza kuwa nyekundu. Amani hakusikia tukimwita. Muzee akaenda moja kwa moja kwenye chupa, akazifunga. Moto ukakohoa, ukazimika.

"Ni mujinga gani…" Amani akageuka, akamwona baba yake.

"Toka, mutoto wangu. Toka polepole. Usiguse kitu."

Tukiwa mbali, chini ya ukuta wa jirani, ndipo aliposema. Wakati wa vita, askari walimfungia ndani ya ateliye yake ya kuchomelea majuma matatu ili aivike kamiyo ile vyuma. Siku ya mwisho walijaza mabomu ndani ya sanduku lile, wakamwamuru alifunge, bunduki ikiwa shingoni. Hakumwambia mtu, hata mke wake. Aliona aibu kwamba kazi ya mikono yake ilienda kuua watu. Alijua kamiyo ilifukiwa kwenye mawe yale, ndiyo maana hakutaka kuja, ila alidhani mabomu yalishatolewa.

Wategua mabomu walikuja, wakatuondoa sote kwa siku mbili. Walitoa mabomu saba, mazima.

Papa Shukuru akauliza mbele ya wote: "Lakini bibi arusi ulijuaje mushono wa Muzee?"

"Kwa… kwa kitanda," nikasema. Mama, nilitamani ardhi inimeze! Walicheka mpaka Muzee mwenyewe akafunika uso.

Jioni Mama mukwe alisema desturi inadai nilipe kuku kwa kumshika baba mkwe mkono. Muzee akajibu: "Kuku nitaleta mimi." Na amemleta, Mama, jogoo mwekundu.

Unisalimie kaka yangu mkubwa Bahati, nyanya anayenidai tumbaku, na shangazi aliyenifunda. Mwambie nimevunja somo moja tu, lile la baba mkwe.

Asubuhi bado napitisha kidole kwenye ule mkia. Halafu namwamsha Amani, kabla ya wakati wake, nisikie tu sauti yake ikilalamika.

Binti yako anayekupenda,
Riziki, mke wa Amani