Neno Alilolisema Mwamina Kumbini

Ruangwa,
Alhamisi.

Dada yangu Zuhra,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua uvimbe na unaweza kufika sokoni bila kushika bega la mtu. Mimi mwili hauna shida. Huku kwetu vumbi ni lilelile, mikorosho ya upande wa Malolo imeanza kutoa maua, na watu wanarudi mashambani wamejaa unga wa salfa ya kupulizia mikorosho mpaka kwenye nyusi. Ufuta mwaka huu haukuwa mbaya. Sijui ninyi hapo Nambambo mmevunaje. Shemeji msalimie sana, mwambie jembe lake ninalo, na halijachakaa hata kidogo kwa sababu sijalitumia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu, dada, na kila nilipotaja jina la Mwamina ulisema umesikia ya kutosha, ukakata. Barua hata ukiitupa utairudia kuiokota. Nakujua, wewe ni mtu wa kutaka kujua. Basi kaa chini unisikilize. Mdogo wako Mwamina sasa hana mume, na wewe umemwambia asikanyage mlangoni kwako kwa sababu amemfanya mama yetu azikwe mara ya pili. Maneno hayo aliniambia mwenyewe huku anapepeta mchele, wala hakunung'unika. Lakini hukuwepo kumbini. Mimi nilikuwepo, na nataka ujue kilichotokea ili umrudishe moyoni mwako.

Unakumbuka mwezi wa sita ndipo Mikidadi wa Mwamina alipoingizwa jando pamoja na watoto wengine kumi na mmoja wa Malolo. Siku hizi anayetahiri ni mganga wa zahanati na sindano yake ya ganzi, lakini kumbi bado ni letu na miiko yake ni ileile ya zamani. Siku ya kuingia, baba, mama na mjomba wa kila mtoto waliitwa mbele ya Mzee Hemedy, mkuu wa kumbi. Kila mmoja alitia kiganja cha unga kwenye ungo mmoja na kuahidi kwamba hatakutana kimwili na mtu mpaka watoto watoke, maana anayevunja ahadi hiyo kidonda cha mtoto hakiponi. Mimi nilitia unga wangu kama mjomba. Wazee wakanitania kwamba kwangu ni kazi nyepesi, tangu Sikuzani aniache sina hata wa kugombea naye shuka. Nilicheka pamoja nao.

Shemeji yetu Nuhu ni mtu wa kushika neno. Jioni ileile alibeba mkeka wake akahamia kwa kaka yake, akawa anakuja nyumbani mchana tu kula na kuondoka. Likumbuke hilo, dada, ndilo lililomuumiza baadaye.

Wiki mbili zilipita vizuri. Ijumaa ya pili nikapigiwa simu nifike Malolo haraka, Mikidadi ni mgonjwa. Nilikuta watu wamekusanyika nje ya kumbi, wazazi wote na wajomba wote. Mtoto alikuwa amelazwa ndani ya kibanda, amevimba, anawaka homa, anaita mama yake, na mama yake haruhusiwi kuingia. Mzee Hemedy alisema kuna mtu kati ya watatu wa mtoto huyu amevunja ahadi. Alisema mwari hatolewi kumbini kwenda popote, hospitali wala kwa nani, mpaka huyo mtu ajitaje, kwa sababu kumtoa na kosa mgongoni ni kumtoa akafe njiani. Nuhu alilia, akawaomba, akataka kuingia kwa nguvu. Wanaume wanne wakamshika. Usiwalaumu sana, wengi wao walikuwa wanalia pia. Waliamini kwa dhati kwamba wanamwokoa.

Tukasimama watatu mbele ya watu: Nuhu, Mwamina na mimi. Nuhu aliapa kwa Mungu kwamba si yeye. Mzee Hemedy akatuangalia sisi wawili. Kutoka kibandani tulikuwa tunamsikia mtoto. Mwamina aligeuza uso akanitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaangalia viatu vyangu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu bei sokoni:

"Ni mimi. Mchukueni mtoto."

Sijui nikuelezeeje, dada. Nimeishi miaka thelathini na minne na sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile. Mwanamke mmoja mfupi, kanga imefifia, miguu ina vumbi, amesema maneno manne na ukuta wote wa watu ukafunguka. Wale waliokuwa wamemshika Nuhu wakamwachia. Mtoto akatolewa, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya baba yake na dereva, wakaondoka. Wanawake wawili watatu wakaanza kuzomea. Mwamina akafunga kanga vizuri, akaanza kutembea kwa miguu kufuata njia ya pikipiki. Hakugeuka. Mimi nilibaki nimesimama palepale.

Hospitalini walisema uchafu umeingia kwenye kidonda, labda kilipata maji machafu, na kwamba kama angecheleweshwa siku moja zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Nilimuuliza daktari kwa siri, kwa aibu, kama inawezekana tendo la mtu mzima aliye mbali likamchafulia mtoto kidonda. Hakunicheka. Alisema haiwezekani kabisa. Mikidadi alilala huko siku tisa. Sasa ni mzima, anakimbia, anadai viatu vipya vya mpira.

Lakini siku watoto walipotoka kumbini kwa ngoma, Mikidadi akiwa amesharudishwa kati yao, Mwamina hakuruhusiwa kumpokea mwanawe. Alisimama nyuma, kwenye mihogo, na wanawake wakamwimbia nyimbo ambazo sitaziandika. Na hilo lilikuwa dogo. Watu waliofikiri amevunja miiko na mumewe walicheka wakasahau. Nuhu hakuweza kusahau, kwa sababu yeye peke yake alijua kwamba hakulala nyumbani hata siku moja. Kama mkewe amesema ni yeye, basi ni na mwanaume gani? Alimuuliza wiki nzima, kwa upole kwanza, halafu si kwa upole. Mwamina alimjibu kwamba hana mwanaume mwingine na hana la kuongeza. Nuhu angefanya nini? Akamfungia nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akamrudisha kwetu. Na kwa kuwa wewe ulikataa kumpokea, yeye na mtoto wamekuja kwangu. Wamelala kwenye chumba changu hiki kimoja, mimi nalala kwenye ghala la ufuta ninapofanya kazi. Kila siku ananipikia. Ananifulia mashati. Mwezi mzima sasa.

Dada Zuhra, mkono wangu umekuwa mzito na nimevuta maneno mengi ili nisifike hapa. Aliyevunja ahadi ni mimi.

Alhamisi ile, siku moja kabla ya mkutano, nililala gesti hapa mjini na mwanamke ambaye jina lake silijui. Na Jumanne ya wiki hiyohiyo na mwingine. Nilitoka gesti asubuhi ya Ijumaa nikaja Malolo moja kwa moja, nanukia ile sabuni yao ndogo. Mwamina alisimama karibu yangu. Alijua.

Usidhani ni starehe za kapera. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo. Sikuzani hakuniacha kwa ugomvi kama nilivyokudanganya. Aliniacha kwa sababu hakuna siku niliyokuwa wake. Naanza asubuhi na picha za kwenye simu, mchana natafuta namba, jioni natafuta mtu, na nikimaliza nachukia nafsi yangu, na kabla chuki haijapoa nimeanza tena. Raha ilikwisha miaka mingi iliyopita. Nilikuwa naenda kama mtu aliyetumwa. Hata hospitalini, Mikidadi ana dripu mkononi, mimi nilitoka mara mbili kwenda nyuma ya jengo kuwaandikia wanawake. Mara ya pili nesi mmoja, Goreti, alinikuta nimekaa chini nalia na simu mkononi. Nikamwambia yote, sijui kwa nini yeye. Alinisikiliza akasema ni uraibu, kwamba pombe ina walevi wake na jambo hili lina walevi wake, na kwamba wapo watu wa kuzungumza nao. Nilishangaa, dada. Miaka yote nilidhani ni uanaume wangu umezidi, na kumbe ni ugonjwa, na una jina. Sasa naenda kuzungumza nao kila Jumatatu. Simu ile kubwa nimeivunja kwa nyundo, nina kitochi cha kupiga na kupokea tu. Nimeanguka mara moja tangu hapo. Nakwambia ili usidhani nimekuwa malaika.

Daktari amenitoa kwenye kosa la kidonda. Hakuna wa kunitoa kwenye kosa la kunyamaza. Ningesema neno moja tu, mtoto angetoka, na Mwamina angebaki na nyumba yake. Mimi mjomba, ambaye kwa mila yetu ndiye ngao ya dada zake na watoto wao, nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikaangalia viatu.

Juzi nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa anachambua majani ya kunde, hakuinua kichwa. Alisema, "Nilikungoja useme. Nikaona huwezi, na mtoto anakufa." Nikamuuliza kwa nini basi hajamwambia hata Nuhu baadaye. Akasema jambo hilo ni langu kulisema, si lake, na kwamba siku nitakapoweza, nitaweza. Halafu akaniuliza kama nataka chumvi zaidi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimeogopa mambo mengi maishani, baba akiwa amelewa, chui waliosemwa utotoni, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyomwogopa yule mwanamke mpole na kunde zake. Ni hofu ya heshima. Tumelelewa naye chungu kimoja na hatukumjua.

Kesho Ijumaa, baada ya swala, nitasimama Malolo mbele ya Mzee Hemedy na watu walewale, na Nuhu nimemwomba awepo. Nitasema kama nilivyokuandikia wewe. Wakitaka kunizomea wanizomee. Nuhu akitaka kunipiga sitakimbia. Sijui kama atamrudia Mwamina, na sijui kama Mwamina atakubali kurudiwa. Hayo ni yao. Mimi kazi yangu ni kurudisha nilichokichukua.

Nisalimie watoto wote, na mama mkwe wako, na majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wapo. Niombee dua, dada, si ya aibu iniondokee, bali ya miguu isirudi nyuma kesho.

Na jambo la mwisho. Mwamina hajui nilichopanga. Angejua angenizuia, angesema nitavunjika. Kwa hiyo nimemtuma mbali, aondoke kesho hiyohiyo alfajiri, nikamwambia barua hii ni ya habari za shamba la mama kule Lionja, aikabidhi tu kwa mtoto wako dirishani, asubiri jibu, na ukimfukuza arudi na gari la jioni. Alisita sana, lakini ameikubali. Ndiye aliyeileta. Ndiye aliyempa mtoto wako bahasha kupitia dirishani, kwa sababu ulimkataza mlango.

Yuko nje sasa hivi, dada, na jua ni kali. Nenda kamfungulie.

Ni mimi mdogo wako,
Rahimu