Marram Chini ya Oltepesi

Lemayian, rafiki yangu,

Sopa. Miaka yote ni wewe uliyenisalimu kwanza, ukiegemea fimbo upande wa pili wa ua. Leo niache nitangulie, kwa sababu kuna jambo ambalo nimeshindwa kuwaambia watu wako.

Ule mgunga mkubwa wa mpakani, oltepesi wetu, umekufa. Wiki jana tawi liliangukia gari la mteja. Hakuna aliyeumia. Kesho anakuja fundi wa msumeno, na mwanao Saitoti ameita kikao cha familia hapo hapo. Anataka dada yake Naserian afunge hoteli na kuwaachia ndugu zake ile ploti, kwa kuwa ameua mti wa baba yao.

Hakuuua yeye.

Wacha nieleze, unajua siwezi kusema jambo bila kuanzia mwanzo. Ulipoondoka, Naserian alifungua hoteli ya nyama choma mbele ya boma, upande wa barabara. Watu walijaa. Kisha mvua ikanyesha, na udongo wetu mweusi unaujua: magari yalizama mpaka milangoni. Wateja wakahamia ng'ambo, kwenye uwanja uliotandazwa matofali ya kabro kutoka ukuta hadi ukuta, bila hata jani moja. Naserian akaja kwangu. "Mwalimu, mtu akikosa paking hashuki. Anapita tu akielekea Namanga." Ndugu zake walikuwa wamemshauri kwa simu aukate mti apate nafasi ya magari. Yeye hakutaka, na kwa vile nusu ya mti ilikuwa kwangu, alitaka nimwambie la kufanya.

Nilifurahi, Lemayian. Nilikuwa nimepata mwanafunzi tena. Nilichukua karatasi nikachora: mti ubaki, magari yauzunguke, changarawe ya marram inyanyue uwanja, kabro ije juu. Mti usalie na biashara isalie. Nilieleza karibu saa nzima. Aliuliza swali moja tu: "Na vile Baba alikuwa anakataza lori kusimama hapo chini?"

Nilicheka. Nikamwambia mti wa umri ule hauogopi marram.

Mimi, niliyefundisha kilimo mpaka nikastaafu! Nimeandika ubaoni mara ngapi kwamba mizizi hupumua, kwamba hewa yake hukaa kati ya chembe za udongo, na kwamba udongo ukishindiliwa hewa hiyo hutoka. Wewe hukukaa darasani hata siku moja, lakini nakukumbuka ukimfukuza dereva wa lori kwa fimbo: "Toa hiyo kitu! Mti nayo inapumua!" Nami nikasimama pale nikikurekebisha Kiswahili. Ukanijibu, "Mwalimu, wewe enda usahihishe vitabu, mimi nachunga." Tulicheka sana siku ile. Sikuwa nimesikia ulichosema.

Marram ilimwagwa mpaka kwenye shina, kina chake kikapita kifundo cha mguu. Mashine ya kushindilia ilipita mchana kutwa. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu, na nikajisifu kwa wageni. Wa pili majani yalipungua kileleni, na ndege hawakujenga. Naserian akaanza kuumwagia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa. Nilimtazama kutoka barazani kwangu. Maji yaliteleza juu ya kabro yakaenda barabarani. Hapo nilijua, rafiki yangu. Nilijua kabisa. Nikaingia ndani nikanywa chai.

Labda siku hiyo tungeng'oa kabro, tukaichimbua marram kwa mikono, mti ungepona. Sijui. Sikujaribu.

Juzi Saitoti alifika kutoka Kajiado, akasimama kati ya meza. "Umezika Baba mara ya pili," akamwambia dada yake mbele ya wateja. Nilikuwa nimekaa pale na ubavu wa mbuzi mkononi. Naserian alinitazama mara moja, akainamisha macho. Hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja. Ulimlea asimwaibishe mzee mbele za watu, na mimi nimejificha ndani ya malezi yako.

Lemayian, nimezoea kuwa mtu anayejua. Hapa mtaani watu huniita niamue mambo ya mipaka, ya ndoa, ya watoto. Nilihofia kupoteza hilo, nikamwacha mtoto wako abebe kosa langu. Hilo linaniuma kuliko mti.

Kesho nitafika kabla ya fundi. Nitasimama mbele ya wanao niseme kwamba mimi ndiye niliyechora, mimi ndiye niliyecheka, na yeye alikuwa ameuliza swali sahihi. Sitaeleza sana. Wakinifukuza, nitaondoka. Lakini Naserian hatatoka kwenye kikao hicho akiwa peke yake. Hilo nakuahidi.

Olesere, rafiki yangu. Pumzika.

Mwalimu Kamau, jirani yako