Somo Lako Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Mpendwa Wanyonyi, bakoki wangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Nakala moja nimempa dereva wa lori la mahindi, nyingine nimeibandika ukutani mwa duka la Matulo, maana nyumbani hujaonekana tangu mwaka juzi. Atakayeisoma na aisome. Aibu ni yangu.

Tulitahiriwa asubuhi moja, ndiyo maana twaitana bakoki, tukauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kisha baba akapata kazi kwenye shamba la mzungu Kitale, nikahamia shule ya kule, nawe ukabaki Bungoma. Sisi tulikuwa na maabara. Ninyi mwalimu aliwapasulia vyura juu ya meza yake ya chakula, na somo lenyewe likaitwa Elimu ya Afya. Wakati wa likizo wewe ndiwe uliyenifundisha jinsi moyo unavyosukuma damu. Bila wewe ningeanguka bayolojia.

Siku tuliyoitwa Kitale kwa ajili ya chuo cha udaktari, nafasi ilikuwa moja, nawe ulikuwa bado njiani, baiskeli imenasa matopeni. Afisa aliyekuwa akijumlisha alama zetu za sayansi alikwama. Chuo kilitaka wastani wa bayolojia, kemia na fizikia, na kwenye karatasi yako neno bayolojia halikuwepo. Kemia ulipita vizuri. Fizikia ilikuwa mbaya, kwa kuwa hamkuwa na mwalimu. Alama zako za Elimu ya Afya zilizishinda mbali zangu za bayolojia.

Akaniuliza, "Wewe ni wa huko kwao. Hii Elimu ya Afya ni bayolojia, ama ni mambo ya kufagia choo?"

Nilijua.

"Ni mambo ya usafi tu, bwana," nikasema.

Akalikata somo lako kwa wino mwekundu, akagawanya kilichobaki, na nafasi ikawa yangu. Punde ukaingia umelowa, ukanisalimu mimi kabla ya afisa.

Ulinisindikiza hadi stesheni ya Bungoma, sanduku langu umelifunga kwenye baiskeli yako. Hukulalamika. Ulisema tu, "Si fizikia ndiyo iliniangusha? Nitumie kitabu chake, nijaribu tena." Nikaahidi. Sikutuma. Niliogopa kwamba ukijaribu tena, watayafungua makaratasi ya zamani.

Sasa masomo hayaniingii. Mwezi uliopita nilikiandikia chuo nikaeleza yote. Hawajaamua watanifanya nini. Juu yako wamejibu kwamba somo lile linaweza kuhesabiwa, ila ombi sharti uliandike mwenyewe, kabla mwaka wa masomo haujaanza. Zimebaki wiki tatu.

Nimekuulizia hospitalini Lugulu, nimepita mashamba ya Kitale moja baada ya jingine, mpaka wanyapara wakaanza kunifukuza. Mwishowe nikaenda kwa mama yako. Nilipomaliza kumweleza akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui.

"Basi usinililie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Ndiyo maana nakuambia. Ukirudi, usinisalimu kama moyo hautaki. Pita mlangoni kwetu kama hunijui. Lakini rudi, Wanyonyi. Rudi uandike jina lako.

Nakuaga, ingawa sistahili,

Bakoki wako