Mombasa Haina Mlima

Wawira mjukuu wangu,

Pokea salamu za guka wako, mtu wa kwanza Embu hii kuuzunguka Mji wa Kale wote wa Mombasa kwa miguu. Sisi wazee wako wawili tu wazima, na cucu wako amevuna ndengu.

Unauliza kama mimi sikupotea kwa hivyo vichochoro vinavyokutisha. Nilikuwa kijana, tumeenda na kwaya kuona Fort Jesus. Nikawaacha, nikazunguka peke yangu kama gavana, hata saa ya basi kurudi ikakaribia. Huku kwetu mtu huangalia mlima, akajua juu ni wapi na chini ni wapi. Kule nikatafuta mlima, hakuna! Nikamuuliza mama aliyekuwa akikaanga viazi mlangoni, "Mama, juu ni upande gani?"

"Juu ni mbinguni, mwanangu. Wewe wataka kwenda wapi?"

"Kwa ngome. Basi litaniacha."

Akaepua karai. "Haya, twende."

Wewe uliza tu, Wawira, watakuonyesha.

Hapa nyumbani wanajua nilijitafutia njia mwenyewe. Lakini yule mama alinifikisha kwa basi amenishika mkono, na kwaya yote iko dirishani.

Guka wako