Kwa Darubini, Aliyeacha Vichupa Ishirini na Vinne

Mwaka umetimia leo, Darubini wetu, tangu utuache, na mwaka wenyewe tumeumaliza tumekununia. Tusamehe kwa kulisema hadharani. Tutakusifu, lakini kwanza tukupe vidonge vyako.

Miaka kumi na tisa ulifanya kazi maabara ya hospitali, kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wagonjwa waliokupa damu uliwajua mpaka majina ya wajukuu zao, na ukimchoma mtu sindano, wewe ndiye uliyekunja uso. Ulirudi nyumbani unanukia spiriti, mfuko wa shati una doa la wino, na kabla hujavua viatu umeshaanza kutufundisha. Mama akisema, "Mwanangu, kula kwanza," unachukua sahani yake unaifanyia somo.

Somo lenyewe tunalijua kwa moyo. Mwilini kuna seli T saidizi, ndizo zinazopiga kelele askari wengine wa kinga waamke. Lakini hazimwoni mdudu mzima. Mpaka seli nyingine immeze, imkatekate, kisha itoe kipande kimoja nje juu ya kisahani chake. Kipande hicho ndicho antijeni. Saidizi inapita, inapapasa kipande na kisahani kwa pamoja. Kisipokuwa kile inachokijua, inakwenda zake. Kwenye mafua kazi ni nyepesi, maana mgeni ni mgeni. "Saratani sasa," ulikuwa ukisema, kijiko kimeganda hewani, "huyo ni mtoto wa nyumba hii hii. Kabadilika kidogo tu. Wengi wanampisha."

Mdogo wako wa kike, fundi cherehani, ndiye pekee aliyekuwa akikubishia. "Anipite mimi? Thubutu!" Ukacheka, ukamwita Mkaidi, na jina likamganda. Kila mtu ulimpa lake: Mama ni Kengele, mkeo ni Polepole, wanao ni Njaa na Usingizi. Tulidhani ni utani wa mezani.

Kumbe majina hayo ndiyo ulikuwa ukibandika kwenye vichupa! Miezi miwili iliyopita alipiga simu msaidizi wako, yule uliyemwita Binti Miwani. Maabara inahamia jengo jipya, na mkuu mpya ameamuru kila kisichojulikana kitupwe Ijumaa. Kwenye friza yenu ya baridi kali vimo vichupa vyako ishirini na vinne vya seli saidizi, ulizozikuza kutoka damu ya wagonjwa. Kimojawapo kina seli zilizotambua kipande cha uvimbe wa saratani wa yule mwalimu wa shule ya msingi. Siku ile uliruka mpaka ukagonga kichwa kwenye rafu. Mwalimu bado anatibiwa, na seli hizo zikitupwa hakuna nyingine. Kichupa kipi? Binti Miwani hajui. Kengele, Njaa, Polepole, mpaka Mbuzi wa Jirani. Hakuna tarehe, hakuna namba. Jamani, Darubini! Mtu mzima na akili zako!

"Maelezo yote aliandika kwenye karatasi kubwa ya grafu, kwa kalamu nyekundu," alisema Binti Miwani. "Aliichukua nyumbani alipoanza kuumwa."

Mkaidi ndiye aliyepokea simu. Mkasi ukamtoka mkononi. Karatasi hiyo aliikuta imeviringishwa nyuma ya kabati, asubuhi ile tunahangaikia nguo za kukuzika. Hakuwa na kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola ya shati lako, na maduka yalikuwa yamefungwa, basi akakata karatasi. Iliyobaki akaifanya pateni za kukatia nguo miezi yote iliyofuata: mikono, mifuko, viuno vya sketi.

"Mungu wangu," akasema, akakaa chini sakafuni. "Nimemkatakata kaka yangu."

Pateni zote zilikuwa kwenye msumari nyuma ya cherehani, maana huyu hatupi kitu. Siku mbili tukazipanga mezani na kuziunga kwa selotepu, Usingizi anasoma, Njaa anaandika, Mama anatulaumu sote pamoja nawe. "Polepole: mafua." "Kengele: kifua kikuu." "Mbuzi wa Jirani: hashtuki kwa lolote." Tukapata majina ishirini na matatu, na hakuna hata moja lililotajwa pamoja na uvimbe. Katikati ya karatasi palibaki tundu lenye umbo la kola. Kipande hicho unacho wewe, shingoni.

Mkaidi akasonya. Akakukasirikia, akajikasirikia, akaipiga meza ngumi mpaka Mama akashtuka. Kisha akachukua orodha ya vichupa aliyosomewa kwenye simu, akaanza kuyafuta majina moja moja. Yote yalikuwa kwenye karatasi isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa lake.

Ijumaa alikwenda mwenyewe, karatasi imekunjwa kwapani. Mkuu mpya akaitazama weee, akamwambia, "Dada yangu, tundu si ushahidi."

"Basi kipimeni. Mimi siondoki hapa."

Akakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka saa kumi jioni, wabeba meza wanamkanyaga miguu, mpaka mkuu akakubali kichupa kihamishwe na vingine. Wiki iliyopita Binti Miwani alikiyeyusha. Akazionyesha seli zile kipande cha uvimbe, juu ya visahani vya seli za mwalimu mwenyewe. Zikaamka zote. Akazionyesha kipande kama hicho kutoka sehemu ya mwili isiyo na ugonjwa, ambacho hakijabadilika. Zikapita zake.

Ungemwambia tu, Darubini. Neno moja, pale pale mezani. Miaka yote ameamini ulimwita Mkaidi kwa kumkera.

Unakumbukwa na mama yako Kengele, mkeo Polepole, wanao Njaa na Usingizi, na mdogo wako Mkaidi, ambaye mpaka leo akishona kola anafuta machozi.

Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu. Na huko uliko, tafadhali, andika lebo.