Mkanda Mwekundu Sumbawanga

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi ya judo, ukumbi wa parokia. Baridi. Magodoro magumu. Wasichana wameanguka vizuri, mimi vibaya. Bega nililovunja kwenye bodaboda mwaka jana bado linauma nikimbeba mwanangu. Deo, katibu wa klabu, kaangalia mkanda wangu, kisha simu yake, kisha mkanda tena. Sikupenda.

Jumanne, 4 Juni
Deo kasoma kwamba Japani mkanda mwekundu ni wa magwiji wachache waliozeekea kwenye judo, juu kuliko mweusi. Nimemweleza: mwalimu wetu aliyerudi kwao alikuwa Mwingereza, na kwao mwekundu ndio wa kwanza baada ya mweupe. Mimi bado naanza! Kasema najishusha. Tangazo limeshafika redioni: Jumamosi gwiji wa Ufipa, yaani mimi, atapambana na Koplo Rehema wa Mbeya, mkanda mweusi.

Mweusi wa kweli. Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Sokoni mtu mzima kanipa shikamoo. Mimi! Muuza dagaa wa Wampembe kaniongezea fungu, eti nipate nguvu. Rehema akiamini mimi ni gwiji, atanirusha kwa nguvu zake zote. Bega likivunjika tena, nani atambeba mtoto? Nikikimbia, wazazi watawatoa wasichana klabuni. Waliwaruhusu kwa sababu na mimi, mama mzima, nipo.

Namchukia Deo.

Ijumaa, 7 Juni
Nataka kumwambia Rehema ukweli. Namba yake anayo Deo, na Deo hapokei simu. Sijala.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tukainamiana, tukashikana makoti. Nikamnong'oneza: "Dada, mkanda huu wa Kiingereza. Mimi mwanafunzi tu." Mikono yake ikalegea. Akanirusha, lakini hakuachia mkono wa koti langu mpaka nilipogusa godoro, kama mtu anayeshusha trei ya mayai. Bega zima.

Baadaye nilimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa chini, analia.

"Asubuhi nimetapika, dada. Nilijua leo unaniua."

Jumapili, 9 Juni
Misa. Upepo. Watu wanasema nilimwachia mgeni ashinde. Nimechoka kubisha.

Rehema kala kwetu kabla ya basi, ugali wa ulezi na maharage. Judo hatukuigusa. Alimaliza sahani, akaomba aongezewe. Na mimi nikajiongezea. Tukaendelea kula.